Msasa Wako Unalala Wapi?

Marahaba, marahaba. Kaeni jamani, hata juu ya magogo hayo. Keko nzima, mtaa wetu huu wa mafundi samani, imejaa masofa, lakini yote ni ya wateja.

Nimeombwa niseme juu ya kupiga msasa kwenye mashine ya kukereza, ile inayozungusha mti. Nitawaangusha kidogo, maana kupiga msasa nyote mnajua. Mimi nataka kujua msasa wenyewe unalala wapi mkishafunga karakana. Nimepita kwa wengi wenu. Unalala sakafuni kwenye maranda, au kwenye kopo moja la maziwa ya unga, namba zote, za kukwaruza na za laini, kitanda kimoja.

Nina kipande hapa. Dada wa mbele, hebu kishike. Geuza nyuma, kina namba? Hakina. Kipapase kwa kidole gumba uniambie ni ngapi. Unasema 180. Mjomba hapo pembeni anasema ni 120 iliyochoka. Mimi mwenyewe sijui, na nimekichana kwa mikono yangu.

Karatasi nzima ya msasa ni milimita 230 kwa 280. Mimi huichana vipande 6, kila kimoja nakikunja mara tatu, kinakaa vizuri kati ya vidole na hakitelezi. Lakini kiwandani hupiga chapa ya namba mahali pachache tu. Ukishachana, vipande viwili vinaondoka na namba, vinne vinabaki yatima. Kwa hiyo maka peni kwanza. Pindua karatasi, andika namba mara 6, ndipo uchane. Ukisema utaandika baadaye, hutaandika. Na kuchana kwenyewe, chukua bapa la msumeno wa kukatia chuma lililochakaa, lipigilie ukingoni mwa ubao, uvutie karatasi hapo. Mkasi usiuguse, utaua mkasi.

Mnacheka, mnaona mzee ana mambo ya kikarani. Haya, sikilizeni. Namba ikipanda punje inakuwa ndogo, hilo mnalijua. Punje ya namba 80 ina upana wa karibu 0.2 ya milimita. Ya 320 haifiki hata 0.05. Ukitupa vyote kwenye kopo moja, punje za 80 zinabanduka, zinajificha kwenye mikunjo ya 320. Unapiga 120, 180, 240 kwa subira, mguu wa meza unaanza kung'aa. Unashika 320 yako, na punje moja, moja tu, inazungusha mstari mwembamba kiuno kizima. Huuoni. Unakuja kuuona ukishapaka vanishi, mteja keshafika na bajaji ya kubebea mzigo. Hapo unafanyaje? Unakwangua vanishi, unarudi 180. Nimeifanya kazi hiyo usiku kwa taa ya simu, na nilikuwa namlaumu kila mtu isipokuwa kopo.

Kuna la pili ambalo naona wachache wanalisema, nalo ni letu sisi tunaofanya mpingo. Vumbi la mpingo ni jeusi na lina mafuta, linaganda kwenye msasa. Siku moja nimetoka kukereza vishikio vya mishumaa vya mpingo, nikachukua bakuli la mwembe. Mnaujua mti wa mwembe, mweupe mweupe na vinyweleo vyake viko wazi. Nikatumia msasa uleule, 240, tena una namba vizuri kabisa. Bakuli likatoka na vidoa vyeusi ndani ya vinyweleo kama limenyunyiziwa pilipili manga. Halikusafishika. Lipo nyumbani, linawekewa vitunguu. Tangu siku hiyo msasa wa mpingo una boksi lake, na nimelipaka rangi nyeusi ili hata kijana mpya asiulize.

Sasa maboksi. Msinunue kitu. Mabaki ya plaiwudi yanatosha: sanduku lenye vyumba, upana wa kila chumba uzidi kipande chako kidogo tu, na mbele pawe wazi nusu ili kidole kiingie. Panga kutoka 80 kushoto hadi 400 kulia, usiruke, maana mkono utazoea. Mimi sasa nachukua 180 bila kuangalia, kama mama anavyochukua chumvi jikoni kwake. Lakini sanduku liwe na mlango au pazia la nguo nzito, na lisikae juu ya mashine. Vumbi lote linapanda hapo. Vumbi hilohilo ndilo mnalolivuta: tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile lililo chini ya WHO, limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Barakoa, basi. Siku nyingine tutalizungumza peke yake.

Karatasi nzima ambazo hamjazichana ni habari tofauti. Hapa Dar adui ni unyevu. Masika ikiingia, Machi mpaka Mei, karatasi inanyonya maji upande wa nyuma na kujikunja kama jani la mgomba. Msiweke sakafuni, saruji inapitisha unyevu. Weka kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko unaobana, zikiwa zimelala, ubao mzito juu yake, na utupie ndani vile vipakiti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya. Rola za msasa wa kitambaa zinastahimili zaidi. Hizo zitundikeni tu kwenye kipande cha bomba.

Babu zetu walisugulia majani ya mti wa msasa, ndiyo maana karatasi hii ikapewa jina hilo. Majani yale hayakuwa na namba, lakini pia hayakuwa na mteja anayepiga picha kila pembe.

Ndiyo, uliza. Anauliza, kilichochoka akiweke chumba gani. Msihifadhi! 120 iliyochoka haigeuki kuwa 240. Punje zimekufa, inasugua tu na kutia joto, na mpingo ukipata joto unapasuka nyufa ndogo kama nywele. Kama umeziba tu kwa vumbi, sugua kwa soli ya mpira ya kiatu kikuukuu, utazibuka. Ukiwa laini chini ya kidole, tupa. Najua bei, nami nanunua Kariakoo kama ninyi.

Na zile nyuzi laini za chuma za kumalizia, ziwe kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na jiwe la kunolea. Cheche moja zinawaka. Matambara yenye mafuta ya kitani yasilale sandukuni pamoja na karatasi, hujipasha joto yenyewe mpaka yakawaka. Yaanike nje, moja moja.

Haya, maneno yametosha. Kijana wa nyuma, usijifiche, nimeliona kopo lako. Lilete hapa tulimwage mezani. Nani ana maka peni?