Kipindi cha 31: Mchungaji Alipopuliza

SEFTI: Tumeanza?

MCHUNGAJI: Taa nyekundu imewaka, tumeanza.

SEFTI: Taa nyekundu wewe umeshazizoea wiki hii.

MCHUNGAJI: Hata salamu bado, dada. Bwana Yesu asifiwe, wasikilizaji.

SEFTI: Na kwa sisi wa upande wa pili, Tumsifu Yesu Kristo. Mchungaji ameandaa masomo matatu ya kuhudumia watu wa makambini, nayaona hapo kwenye karatasi, na kila moja amelipigia mstari kwa rula. Ila hatuyagusi mpaka aeleze kilichompata getini Jumapili.

MCHUNGAJI: Mimi niliomba masomo yatangulie.

SEFTI: Ombi lilikataliwa. Twende.

MCHUNGAJI: Haya. Jumapili nina ibada mbili. Asubuhi niko kijijini, kwenye kile kikanisa cha bati kando ya barabara ya vumbi, halafu mchana ni kambini, bwaloni, watu wakiwa kwenye chakula. Kambi yenyewe siitaji.

SEFTI: Usiitaje. Wala mkandarasi.

MCHUNGAJI: Wasikilizaji wajue tu ni huku kwetu Tabora, njia ya bomba la mafuta ghafi, lile la kutoka Hoima kwenda Chongoleani. Sasa kijijini tulikuwa na Meza ya Bwana. Nikakadiria watu arobaini, wakaja ishirini na wachache, mvua ilinyesha usiku wakaenda mashambani. Divai ikabaki. Na kwetu Waanglikana kitabu cha sala cha 1662 kinasema wazi: kilichowekwa wakfu hakitoki nje ya kanisa, kasisi, pamoja na washiriki atakaowaita, anakila na kukinywa pale pale.

SEFTI: Akakinywa.

MCHUNGAJI: Mafunda manne. Matano. Nilikuwa sijala kitu tangu jana yake usiku. Nikapanda bodaboda, dakika saba niko getini. Mlinzi ananifahamu, miezi minane napita pale. Kavaa rifleksa yake, kashika kile kipima ulevi, ananiambia Mchungaji leo tunapima kila mtu, puliza tu tumalize. Nikapuliza.

SEFTI: Ikasomaje?

MCHUNGAJI: Unajua ilivyosoma.

SEFTI: Wasikilizaji hawajui.

MCHUNGAJI: Nukta arobaini na moja.

SEFTI: (anacheka) Baba Mchungaji! Na Biblia kwapani!

MCHUNGAJI: Na kanzu kwenye mfuko wa nailoni. Yule kijana akakitazama kile kifaa, akanitazama mimi, akakipigapiga kwenye goti kama redio iliyoishiwa betri. Akasema pengine kimeharibika. Nikamwambia hakijaharibika, mwanangu.

SEFTI: Ngoja niseme kitaalamu, maana hii kazi ya usalama kambini, ya kupima watu, nimeifanya miaka sita. Ile ya kwanza ni pombe ya mdomoni. Ukinywa sasa hivi ukapuliza sasa hivi, mashine inasoma mvuke wa kwenye ulimi na mashavu, haisomi damu. Ndiyo maana mpimaji anatakiwa akusubirishe robo saa au dakika ishirini, usile, usinywe, kisha upulize tena.

MCHUNGAJI: Alifanya hivyo hivyo. Akaniweka chini ya mwarobaini. Mara ya pili ikasoma nukta sifuri tano.

SEFTI: Hiyo sasa ndiyo damu.

MCHUNGAJI: Na kambini kikomo ni sifuri. Hakuna kidogo. Nikakaa pale zaidi ya saa nzima. Na mabasi ya kuleta watu chakula cha mchana yanapita hapo hapo, moja, la pili, la tatu. Vichwa vyote dirishani. Wachomeleaji, madereva, vijana wa kusafisha mtaro, Wachina, Wahindi, Waganda, wote wanamtazama Mchungaji amekalishwa chini ya mti kama mwizi wa kuku.

SEFTI: Nimesikia jina limeshapatikana.

MCHUNGAJI: Usilitaje.

SEFTI: Mchungaji Nukta.

MCHUNGAJI: Huyu ni Mzaramo, wasikilizaji, na mimi ni Mnyamwezi. Ni mtani wangu, siwezi hata kumshitaki. Babu zetu walipita kwao Uzaramo na mizigo kwenda Bagamoyo, wakatuchokoza tangu wakati huo mpaka leo.

SEFTI: Walipita wamelewa nini?

MCHUNGAJI: Somo la kwanza…

SEFTI: Bado! Swali. Kwa nini hutumii juisi? Kuna Wakristo wengi tu wanatumia. Yule Mmethodisti wa Marekani, Welch, alianza kuchemsha juisi ya zabibu 1869 kwa ajili ya jambo hili hili. Hata kwetu Wakatoliki, kasisi mwenye shida ya ulevi huruhusiwa mustumu, yaani zabibu iliyozuiwa isichachuke.

MCHUNGAJI: Kwa hiyo unasema nina shida ya ulevi.

SEFTI: Nasema ulisoma nukta arobaini na moja.

MCHUNGAJI: Na divai yenyewe nainunua kwenu, Bihawana, Dodoma! Wakatoliki wanakamua, Mwanglikana anakamatwa.

SEFTI: (kicheko kirefu) Hiyo nimekubali.

MCHUNGAJI: Sasa unisikilize, maana hapa ndipo nilipotaka kufika na wewe unanivuta shati. Ibada ya bwaloni ilishakufa, muda wa chakula si mrefu. Lakini wachache wakachukua sahani zao wakaja mpaka kwenye uzio. Wao ndani, mimi nje, waya katikati. Watu kumi na mmoja, niliwahesabu. Wanakula wali wamesimama. Mmoja akasema, Mchungaji, soma hapo hapo ulipo. Nikasoma Zaburi ya 121, nikaomba, basi. Dakika kumi.

SEFTI: Hii hukunisimulia.

MCHUNGAJI: Hukuniachia nafasi. Ukaanza na nukta. Wakaondoka wote, akabaki mmoja. Mtu mzima, kunizidi mimi. Huyu kwa miezi minane hajawahi kunipa zaidi ya "shikamoo Mchungaji" na "marahaba" ya kujibu watoto wa jikoni. Akaweka sahani chini, akashika waya, hivi, vidole viwili. Akasema: "Mchungaji, yako itashuka. Mimi yangu ingekuwa leo, isingeshuka."

SEFTI: Anakunywa.

MCHUNGAJI: Gongo, la kijijini. Usiku, ili alale. Tangu alipomzika mama yake kwa simu. Mnaofuatilia mnajua kisa hicho, nilikisimulia bila kumtaja: yule aliyesimama ndani ya kontena na buti zake, kofia ameivua, simu ameiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga, na mtandao ukaganda jembe likiwa hewani. Alisimama hivyo hivyo mpaka simu ikazima. Ni huyo.

SEFTI: Anafanya kazi gani?

MCHUNGAJI: Nilijua utauliza.

SEFTI: Kazi gani, Mchungaji?

MCHUNGAJI: Opereta. Ule mtambo wenye mkono wa pembeni.

SEFTI: Saidibumu.

MCHUNGAJI: Ndiyo.

SEFTI: Anashusha bomba mtaroni.

MCHUNGAJI: Ndiyo.

SEFTI: Wasikilizaji, kipande kimoja cha bomba lile ni mita 18 za chuma, kipenyo inchi 24, uzito unazidi tani mbili. Na huko chini mtaroni kuna watu. Umemwambia nani?

MCHUNGAJI: Nimemwambia Mungu. Na yeye mwenyewe. Nilimwambia aende kwa msimamizi wake aombe ashushwe mtamboni kwa muda, na nikasema nitakwenda naye tuketi wote watatu. Akasema atafikiria.

SEFTI: Hiyo ilikuwa Jumapili. Leo Jumatano.

MCHUNGAJI: Najua siku, dada.

SEFTI: Siku tatu anafikiria yuko mtamboni! Mchungaji, mimi katika mafunzo ya wageni kambini nilikuwa nawaeleza Piper Alpha. Jukwaa la mafuta, Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988. Mchana mafundi waliiondoa valvu ya usalama ya pampu moja, wakaandika karatasi kwamba pampu isiwashwe. Karatasi haikuwafikia watu wa zamu ya usiku. Pampu ya pili ikagoma, wakaiwasha ile. Watu 167. Kwa taarifa moja iliyokuwepo na haikufika.

MCHUNGAJI: Ile ilikuwa karatasi. Karatasi haina aibu. Ukiibeba kuipeleka ofisini haikuchukii, kesho haiachi kuongea na wewe. Mimi nikimtoa huyu, kesho kambi nzima inajua Mchungaji ni masikio ya ofisi. Hakuna atakayenisogelea tena, na wa gongo watabaki na gongo lao, ila sasa hakuna hata mmoja anayewajua.

SEFTI: Hiyo hoja naielewa. Lakini haikuwa kitubio. Kwetu siri ya kitubio haivunjwi, kanuni ya 983, padri hafungui mdomo hata akatwe kichwa. Wewe ulikuwa nje ya uzio, yeye ana sahani ya wali. Hakuna stola, hakuna maondoleo. Hayo ni maongezi.

MCHUNGAJI: Mtu kashika waya analia, unataka nimwulize hii ni sakramenti au ni maongezi?

SEFTI: Nataka ukumbuke mtaro.

MCHUNGAJI: Na sisi tunayo. Kanuni za Kanisa la Uingereza za 1603, ya 113, kasisi asifichue alichoungamiwa. Na kwa sababu siwezi kukudanganya, nakupa na mlango wake: isipokuwa kosa ambalo, akilificha, sheria ya nchi ingeweza kumgharimu kasisi uhai wake mwenyewe.

SEFTI: Uhai wa kasisi.

MCHUNGAJI: Ndivyo ilivyoandikwa.

SEFTI: Na wa mtaroni?

MCHUNGAJI: …

SEFTI: Nauliza tu. Aliyeandika alimkumbuka kasisi.

MCHUNGAJI: Ngoja nikuulize na mimi. Miaka sita umepima watu. Wangapi walikujia wenyewe wakasema, Dada Sefti, mimi nakunywa ili nilale?

SEFTI: Hakuna.

MCHUNGAJI: Hata mmoja.

SEFTI: Walijua ningewapeleka ofisini. Na wote walirudi kwao na vidole kumi.

MCHUNGAJI: Hujui wangapi walirudi kwao na gongo.

SEFTI: Sijui. Lakini najua nani hakufa mikononi mwangu. Wewe hilo huwezi kulisema wiki hii, unaomba tu lisitokee.

MCHUNGAJI: Naomba, ndiyo. Ndiyo kazi.

SEFTI: Basi kama ndiyo kazi, usiingie kambini na kofia ngumu. Ukivaa kofia ya kambi, ukala wali wa kambi, umeingia kwenye sheria za kambi. Uliweka sahihi siku ya kwanza kama sisi wote: ukiona hatari, simamisha kazi. Hata mpishi ana haki ya kusimamisha kazi. Hata Mchungaji Nukta.

MCHUNGAJI: Niliweka sahihi, sikatai. Na nilipowekewa mikono niliahidi jambo jingine, kabla ya hiyo sahihi yako.

SEFTI: Hatukubaliani.

MCHUNGAJI: Hatukubaliani kabisa.

(kimya)

SEFTI: Kunywa maji.

MCHUNGAJI: Ni maji kweli?

SEFTI: Puliza kwanza.

MCHUNGAJI: (anacheka) Wewe mwanamke! Sikiliza, mimi jambo moja linanisumbua, na si somo, msiliandike. Miezi minane nimekaa pale bwaloni na chai. Watu wanadhani uchaplensi ni kuhubiri, kumbe ni kukaa. Unakaa, mtu anakuja anaongelea Simba na Yanga, anaongelea mshahara, anaondoka. Wiki ya tano anakuambia mtoto amezaliwa hajamwona. Lakini huyu mzee hakuja miezi yote minane. Alikuja siku mimi nimeaibika. Nikajiuliza, sasa ina maana ile miezi yote nilikuwa nimekaa juu mno, au vipi?

SEFTI: Ulikuwa umekaa kwenye kiti cha bwalo, Mchungaji, usijitafutie makubwa. Labda alikuwa anakuchunguza tu.

MCHUNGAJI: Labda.

SEFTI: Ila na mimi nimeliwaza hilo toka usimulie. Sisi watu wa usalama tukikosea hatukalishwi chini ya mti. Tunaandika ripoti. Pengine ndiyo maana hakuja hata mmoja.

MCHUNGAJI: Kwa hiyo unakubaliana na mimi.

SEFTI: Sijakubali chochote! Bado yuko mtamboni.

MCHUNGAJI: Haya, masomo. Somo la kwanza: mchungaji anayekwenda kambini ajue kwanza saa za…

(mlango unagongwa, sauti za watu)

SEFTI: Kwaya hao. Saa kumi na moja imefika?

MCHUNGAJI: Imepita. Wanataka chumba. Jamani dakika tano!

SEFTI: Hawakupi dakika tano, yule mwalimu wao namfahamu, kinanda ameshakibeba mwenyewe. Masomo weka, yatakaa na rula yake.

MCHUNGAJI: Wiki ya tatu hii masomo yanakaa.

SEFTI: Kambini unarudi lini?

MCHUNGAJI: Kesho. Jioni, wanapobadilishana zamu.

SEFTI: Utapuliza?

MCHUNGAJI: Nitapuliza.

SEFTI: Na yule mzee?

MCHUNGAJI: Nitamtafuta kabla hajapanda mtamboni.

SEFTI: Asipokwenda kwa msimamizi?

MCHUNGAJI: Dada, ngoma hizo zinaingia, hatusikiki.

SEFTI: Mimi nasikika vizuri. Asipokwenda?

(ngoma)