Bibo ni la mpita njia, korosho ni ya nani?

(Mhadhara uliotolewa Lindi mjini mbele ya wazazi, walimu na viongozi wa mitaa. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Shikamooni wazee wangu. Hamjambo vijana. Asanteni kwa kuja. Najua wengine mmeacha korosho zimeanikwa uani mkaja kunisikiliza, kwa hiyo sitawaweka hapa mpaka giza liingie.

Nimeombwa nizungumzie watoto wanaokinzana na sheria. Ndivyo tunavyosema sisi watu wa ustawi wa jamii. Mtaani jina lake ni fupi zaidi: mwizi. Nitalirudia jina hilo baadaye, maana lina kazi yake.

Nianze na mkorosho. Sisi tuliokulia huku tulilelewa kwa kanuni ambayo haikuandikwa popote. Mtoto akipita shambani kwa mtu akakuta bibo, lile tunda la mkorosho, limeanguka, ale, hakuna wa kumfukuza. Akishamaliza, korosho anaing'oa na kuiacha palepale chini ya mti. Bibo ni la mpita njia, korosho ni ya mwenye shamba. Mimi mwenyewe nimekula mabibo ya watu mpaka shati likaota madoa yasiyotoka, na mama alikuwa anajua nimetoka wapi kabla sijafungua mdomo.

Siku hizi msimu ukifika, kuna mtu anakaa kibarazani na bakuli lake. Mnamjua. (Watu wanacheka.) Korosho ya halali inakwenda chama cha msingi cha ushirika, inapimwa kwenye mizani, inaingia ghala kuu, inasubiri mnada, kisha pesa inapitia benki. Mtoto wa miaka 13 hana akaunti ya benki. Mwenye bakuli haulizi akaunti, wala haulizi shamba la nani. Anajaza bakuli mpaka linafurika, anatoa noti, biashara imekwisha. Kangomba hiyo. Serikali imeipiga marufuku, tena imetangaza mara nyingi, na bado kila msimu bakuli lipo.

Nilimpokea kijana mmoja, jina halina kazi hapa, aliyekamatwa na nusu kiroba cha korosho zisizo zake. Alikuwa na miaka 13. Nikamuuliza, pesa za mara ya kwanza ulifanyia nini? Akanijibu bila kupepesa macho: daftari mbili, na kiingilio cha kibanda umiza, Simba ilikuwa inacheza. Nilitaka kucheka nikajizuia, kwa sababu mlangoni kulikuwa na watu waliotaka apigwe.

Baba yake alikuwa Dar es Salaam, anatembeza mikanda na soksi. Jina la machinga limetoka kwetu huku, na vijana wetu wanaendelea kulitendea haki. Mama alikuwa Kilwa, anapika chakula cha mafundi barabarani. Kijana yupo kwa bibi, macho ya bibi yameanza ukungu, na bibi akienda shamba alfajiri anarudi jua likizama. Saa nne ya usiku mtoto yuko wapi? Bibi anadhani amelala. Mwalimu anadhani yuko kwa bibi. Mwenye bakuli ndiye pekee aliyejua.

Kwa hiyo mtu akiniambia sababu ni umaskini, namwambia umaskini ungekuwa sababu pekee, Lindi nzima ingekuwa rumande. Unachangia, sikatai. Ila kuna uchunguzi ulioanza mwaka 1961 kusini mwa London, wakawafuatilia wavulana 411 tangu wakiwa na miaka minane au tisa hadi wakawa watu wazima wenye mvi. David Farrington, aliyeuongoza kwa miaka mingi, aliuona umaskini, ndiyo, lakini pamoja nao kulikuwa na mzazi asiyejua mtoto alipo, mzazi ambaye mwenyewe ameshafungwa au kutiwa hatiani, mtoto anayebaki nyuma darasani, na mtoto mwenye pupa asiyeweza kungoja. London ya mvua na moshi, na bibi wa kijana yule, kule Mtama, wamekutana kwenye ukurasa mmoja.

Uchunguzi huohuo ulionyesha mambo mawili mengine. Kwanza, kundi dogo, chini ya mvulana mmoja katika kumi, lilibeba karibu nusu ya makosa yote yaliyofika mahakamani, na wengi wa waliobaki waliacha wenyewe walipopata kazi na wake. Pili, na hili ndilo ninaloomba mlishike, vijana waliotiwa hatiani walizidi kuharibika kuliko wenzao waliofanana nao kwa tabia ambao hawakutiwa hatiani. Jina lile fupi ndipo linapofanya kazi. Ukimwita mtoto mwizi mara kumi, ya kumi na moja anaitika.

Kuna jambo letu wenyewe pia. Sisi Wamwera, Wamakonde na Wayao, mtoto ana mjomba. Zamani mtoto akiharibu, hawamuiti baba kwanza, wanamuita mjomba. Leo ukiuliza mjomba yuko wapi, unaambiwa yuko Tunduma, namba yake haipatikani. Jando limebaki, na silisemi vibaya, nimepita. Lakini tunamtoa kijana jandoni tukimwambia sasa wewe mtu mzima, na Jumatatu yake anarudi darasa la tano kuchapwa kwa kuchelewa. Utu uzima wake atauonyesha wapi? Wengine wanauonyesha gizani.

Sheria inasemaje? Hapa nitakwenda haraka, kwa sababu sheria yenyewe kwenye karatasi haina tatizo kubwa. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 15, inasema mtoto wa chini ya miaka 10 hana jinai kabisa. Kati ya 10 na 12 hana jinai mpaka ithibitishwe kwamba wakati anatenda alikuwa na uwezo wa kujua kuwa anafanya kosa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na imeunda Mahakama ya Watoto. Anakaa hakimu mkazi, kesi inasikilizwa faragha, lugha inalegezwa, afisa ustawi wa jamii yupo, mzazi au ndugu ana haki ya kuwepo, na mtoto mwenyewe anasikilizwa. Kisha kifungu cha 119: mtoto hatahukumiwa kifungo. Hakimu anaweza kumwachia kwa masharti, kumkabidhi kwa mtu anayefaa, au kwa kosa zito kumpeleka shule ya maadilisho, yaani ya kurekebisha tabia, Irambo, Mbeya. Piga hesabu ya nauli ya bibi kutoka hapa, Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, mpaka Mbeya, kwenda kumsalimia mjukuu. Ndiyo maana mimi nilikuwa naandika ripoti ndefu kuomba abaki nyumbani.

Inapoharibika ni kabla ya kufika kwa hakimu. Ni usiku ule wa kwanza. Sheria inamtaka polisi ahakikishe mtoto hachanganywi na watu wazima. Sasa sikilizeni. Nikiwa kazini, katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, nilimkuta mtoto amelala usiku tatu na wanaume sita, mmoja wao mwizi wa ng'ombe mzoefu. Nikauliza kwa nini. Nikaonyeshwa daftari: umri, miaka 18. Nani kasema 18? Mgambo aliyemleta. Kwa kumwangalia! Kijana alikuwa mrefu, basi urefu ukawa cheti cha kuzaliwa. Nilikwenda kwa mama yake kwa bodaboda, tukapekua sanduku la nguo mpaka chini, tukaikuta kadi ya kliniki, imelika na mende pembeni lakini tarehe inasomeka. Miaka 15 na miezi miwili. Kadi hiyo ilifanya kazi kuliko mimi na digrii yangu. Alitoka jioni ileile, lakini zile usiku tatu hakuna aliyeweza kumrudishia, na yale aliyofundishwa mle ndani alinisimulia nusu tu.

(Hapa mama mmoja aliuliza: "Mwanangu akikamatwa leo usiku, nifanye nini?")

Mama yangu, asante. Usikae nyumbani kungoja asubuhi, na usimtume mtu wa kwenda kufoka tu. Nenda mwenyewe, na mjomba kama yupo. Beba cheti cha kuzaliwa. Kama huna, kadi ya kliniki, na kama hiyo nayo imepotea, mwombe mwalimu mkuu karatasi ya usajili wa shule. Ukifika, uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Omba asilale na wakubwa. Omba aitwe afisa ustawi, na maelezo yake yasichukuliwe peke yake bila wewe au mtu mzima anayemwamini. Omba dhamana, kwa wizi wa korosho inatoka, makosa mazito kama mauaji ndiyo habari nyingine. Na ukimwona, usianze na kofi mbele ya askari. Najua mkono utawasha. Kofi hilo litamwonyesha askari namna ya kumchukulia.

(Mzee mmoja akanyoosha fimbo: "Yule wa Simba ilikuwaje? Na mwenye bakuli je?")

Wa Simba, mzee wangu, hakimu alimwachia kwa masharti, mwaka mmoja chini ya uangalizi wangu. Mjomba wa Tunduma tulimpata kwa simu ya jirani, akaja, akakaa siku nne, akaongea na kijana nje ya nyumba usiku mzima, na mimi sikuambiwa walichosema. Alirudi shule. Jioni akawa anashinda kwa fundi baiskeli pale Mnazi Mmoja, analipwa kwa soda na kuruhusiwa kuendesha.

Mwenye bakuli nilimwandikia aya nzima kwenye ripoti. Kupokea mali ya wizi ni kosa, kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu, na yeye hakuwa mtoto. Sikuona akiitwa. Msimu uliofuata nilipita pale kibarazani kwake, nikamsalimia, akaniitikia vizuri tu. Alikuwa na bakuli jipya, kubwa kidogo kuliko lile la kwanza.