Mlio wa Asubuhi Unaopotea Gari Likipata Moto

ZUHURA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Baraka, leo kesi ni ya kwangu mwenyewe. Nikiwasha gari asubuhi linalia tiki-tiki-tiki kama cherehani. Nikifika barabara kubwa, kimya. Nikilipeleka gereji mchana, fundi anasikiliza weee, halafu ananiangalia kama mgonjwa ni mimi.

BARAKA: (anacheka) Akasemaje?

ZUHURA: Eti tapeti, vile vyuma vinavyosukuma valvu za injini. Nimwage oili, niweke nzito zaidi. Nimeweka. Kesho yake cherehani iko palepale.

BARAKA: Pole, dada. Mlio unaokuja na baridi na kuondoka na joto, mshukiwa wangu wa kwanza ni manifoldi ya ekzosi. Unaijua ilipo?

ZUHURA: Lile pande la chuma lenye kutu, ubavuni mwa injini?

BARAKA: Hilohilo. Injini yako ina silinda nne, kila moja inatema moshi kwa tundu lake. Manifoldi inayapokea yale manne na kuyaunganisha kuwa bomba moja, linalokwenda kwenye masega, yaani kile kisafisha moshi, kisha sailensa, mpaka nyuma. Moshi ukitoka pale unaweza kuwa na nyuzi 600, ukikanyaga sana hata 900. Chuma kinatanuka. Ukizima, kinasinyaa. Fanya hivyo mara mbili tatu kwa siku, miaka 15. Ipo siku kitapata ufa, au studi, yaani boliti inayokishikilia kwenye injini, ikatike, au gasketi, ile ya kuziba kwenye maungio, iungue.

ZUHURA: Sasa mbona kinanyamaza?

BARAKA: Si kinatanuka? Kikitanuka kinauziba mwanya chenyewe. Asubuhi kimesinyaa, mwanya uko wazi, kila silinda ikitema unasikia "tik". Dakika chache tu, umejifunga. Kwa hiyo yule fundi wako wa mchana hakukudanganya. Hakukuwa na cha kusikia.

ZUHURA: Basi kama linajitibu, si niliache tu?

BARAKA: Thubutu! Hauzibi wote. Hivi hujawahi kusikia harufu ya moshi humo ndani ukiwa kwenye foleni?

ZUHURA: Mwenge pale, mara kadhaa. Nikalaumu daladala ya mbele.

BARAKA: Labda ilikuwa daladala, labda ni wewe mwenyewe. Na kinachodhuru zaidi hata hakinuki: kaboni monoksaidi. Inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinagonga, usingizi unakuja, unasema ni uchovu wa kazi. Ukiwa na watoto nyuma, vioo juu... Hapo sitanii.

ZUHURA: Ehe.

BARAKA: Halafu mafuta. Moshi hautoki mfululizo, unatoka kwa mapigo. Kati ya pigo na pigo, ule mwanya unanyonya hewa ya nje. Sensa ya oksijeni iliyo mbele yake inaona oksijeni nyingi, inaiambia kompyuta petroli ni kidogo, na kompyuta inaongeza. Gari linabugia mafuta, taa ya cheki injini inawaka, unaambiwa ununue sensa mpya.

ZUHURA: Nilinunua. Mwezi wa tatu.

BARAKA: ...Pole tena.

ZUHURA: Endelea tu.

BARAKA: Liache gari kwa fundi lilale hapo. Asubuhi, kabla ya kuwasha, afungue lile bati la kukinga joto, amulike kwa tochi. Pakivuja huacha masizi meusi pembeni ya gasketi au kwenye ufa. Kisha awashe, achukue kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine aipitishe karibu na maungio bila kugusa. Ana dakika mbili hivi kabla mlio haujakimbia.

ZUHURA: Akiukuta, gharama?

BARAKA: Gasketi si ghali. Shughuli ni studi. Zimeota kutu, ukizilazimisha zinakatikia ndani ya silinda hedi, lile pande la juu la injini, sasa ni kutoboa kwa drili, na hapo ndipo bei inapopanda. Fundi mwenye subira anazipulizia dawa ya kutu tangu jioni. Tena aweke rula ya chuma kwenye uso wa manifoldi. Ikiwa imepinda, ichongwe, la sivyo gasketi mpya itaungua kama ya zamani. Na kukaza ni kuanzia katikati kwenda pembeni.

ZUHURA: Ufa je? Si unachomelewa?

BARAKA: Manifoldi nyingi ni chuma cha kumimina kwenye kalibu. Ukikichomelea kwa fimbo ya kawaida, bila kukipasha moto kwanza, kitapasuka pembeni ya ule mshono. Wapo wanaoweza, ila wachache. Mimi ningenunua nyingine, hata iliyotumika, mradi niikague kabla ya kutoa hela.

ZUHURA: Silikoni ya tyubu?

BARAKA: Aliyekupaka silikoni pale mlipe kwa picha ya hela.

ZUHURA: Haya, leo jioni nalipeleka, lilale huko.

BARAKA: Utamwachia ufunguo?

ZUHURA: Namwachia. Ila petroli imebaki ya kuwashia tu.