Yai la mnadani na risiti iliyofutika

MAMA TUMAINI: Haya wapendwa, Bwana Yesu asifiwe! Karibuni tena, mimi ni Mama Tumaini, niko na mdogo wangu Eli ambaye leo kachelewa nusu saa hafu kaja na chapati mkononi.

ELI: Amen, shikamoo dada. Foleni jamani.

MAMA TUMAINI: Marahaba, foleni na chapati. Leo tunaongelea shukrani, ila sio ile ya "namshukuru Mungu kwa yote", maana hiyo tunaisema hata hatujui tunashukuru nini, mtu anaulizwa hali anajibu tu Mungu mwema, anapita.

ELI: Hiyo ni kama salamu ya bodaboda.

MAMA TUMAINI: Ndo hapo sasa. Mi juzi nilikuwa nyumbani Moshi, si unajua sisi Walutheri baada ya ibada kuna mnada pale nje, watu wanaleta sadaka ya ndizi, kuku, maziwa, mzee wa kanisa ndo dalali. Sasa ikaletwa sahani ina yai moja. Moja Eli! Watoto wakaanza kucheka, dalali mwenyewe anabana kicheko. Mtu kanunua elfu mbili akasema rudisha mnadani, mwingine elfu tatu, rudisha, likazunguka weee mpaka mara ya nne, aliyelinunua mwisho akasema apewe bibi aliyelileta.

ELI: Kwa hiyo bibi kaondoka na yai lake.

MAMA TUMAINI: Kaondoka nalo! Mi nikamfuata, nikamuuliza bibi mbona yai moja. Akaniambia kideri kilipita kikamaliza kuku wake wote, banda likakaa tupu tangu kipindi cha mvua, akapewa mtetea mmoja na jirani, na hilo ndo yai la kwanza kutagwa. Yaani hakuleta yai, alileta habari nzima. Mi nilikuwa nimeweka noti kwenye bahasha, ungeniuliza naishukuria nini ningeanza kukohoa.

ELI: Hahaha. Dada usinichome, mi na bahasha yangu ni hivyohivyo. Ila mi kilichonikuta mwaka jana ni kibaya zaidi, niseme tu.

MAMA TUMAINI: Sema, hapa tuko wawili tu na dunia nzima.

ELI: Mama alilazwa, presha, nikalala kwenye benchi la korido siku tatu, naomba, nalia, nikamwambia Mungu we nirudishie tu sauti yake sitaomba kitu kingine. Akapona. Dada, haikupita mwezi, mama ananipigia saa kumi na moja alfajiri kuniuliza kama nilikula jana usiku, nikaangalia simu nikasema ah huyu mama naye, nikaigeuza kifudifudi nikalala.

MAMA TUMAINI: Sauti ileile.

ELI: Ileile uliyoiomba ukiwa umelala kwenye benchi! Ndo nikawaelewa wale wakoma tisa wa Luka 17, Yesu kaponya kumi, tisa hawakurudi kushukuru. Tunawasema sana, ila walikuwa wanaenda kujionyesha kwa makuhani kama walivyoagizwa, hawakumkosea mtu, walikuwa na haraka tu, mtu miaka hajakaa na mke wake, akipona si anakimbilia nyumbani. Yule mmoja aliyerudi alikuwa Msamaria.

MAMA TUMAINI: Mi nakataa kidogo hapo. Haraka sio sababu, kurudi kungechukua muda gani? Tatizo ukishapona unajiona kama hukuwahi kuumwa. Ndo maana Zaburi 103 inaiambia nafsi "wala usizisahau fadhili zake zote", mtu anajisemesha mwenyewe, anajua atasahau.

ELI: Hilo nimekubali. Kwetu Tukuyu, sisi Wamoravian, Pasaka tunaamka na giza, baridi inaingia mifupani, mvua za masika, tarumbeta zinapigwa, tunaenda makaburini kungoja jua, yanasomwa majina ya waliotangulia mwaka ule. Kitu hicho kilianza Herrnhut, Ujerumani, 1732, wamisionari wakafika Rungwe 1891. Utotoni nilikuwa naona ni mateso tu, viatu vimejaa tope. Sasa hivi lile jina la mtu wako likitajwa, na jirani yako naye lake linatajwa, aisee, huwezi kujifanya mwaka ulipita hivihivi.

MAMA TUMAINI: Linatajwa kwa jina. Sio "marehemu wetu wote".

ELI: Eeh, kwa jina, moja moja. Sasa nikuambie, ile risiti ya hospitali ya mama niliiweka kwenye Biblia, nikasema hii ndo mawe yangu, kama yale 12 Yoshua aliyoamuru yatolewe mto Yordani, watoto wakiuliza waambiwe Mungu alivyowavusha. Juzi binti yangu kaifungua Biblia anatafuta stika zake, kaiona.

MAMA TUMAINI: Akauliza?

ELI: Si unazijua risiti za mashine, wino wake unafifia, imebaki karatasi nyeupe tupu, hata jumla haionekani. Akaniambia baba hii karatasi haina kitu, nitupe?

MAMA TUMAINI: Yesu wangu.

ELI: Nikamwambia hebu ilete hapa, kaa. Nikaanza na benchi la korido, lilivyokuwa na msumari unachoma, nesi mmoja alivyonipa kanga yake nijifunike. Ana miaka sita dada, anauliza maswali mpaka chai ikapoa. Mwisho kaichukua ile karatasi, kachora bibi mwenye miguu mirefu, kairudisha palepale kwenye Zaburi.