Kukata mkate kwa kisu cha meno bila kuuponda

Mkate huu una saa mbili tangu utoke kwenye oveni. Najua harufu inavyoshawishi, lakini vumilia. Ukiukata ungali moto, ndani kumejaa mvuke na hakujashikana bado, kwa hiyo kisu kitatoka kimenata na slesi zitajikunja. Gusa kitako chake. Kikiwa hakina joto tena, tuanze.

Sogea uone kisu. Hiki kina urefu wa sentimita 25 bila mpini. Kiwe kirefu kuliko upana wa mkate, la sivyo ncha itabaki ndani ikichanachana. Sasa kigeuze: meno yamenolewa upande mmoja tu, huu mwingine uko sawa. Ndiyo maana slesi nyingi huanza nene juu zikaishia nyembamba chini, au kinyume chake. Kisu kinavutika kuelekea ule upande ulio sawa. Wengi hudhani mkono wao ndio mbovu, kumbe sivyo.

Weka mkate kwenye kibao cha mbao. Mkono usioshika kisu uukunje vidole, kidole gumba kikae nyuma ya vingine. Laza meno juu ya ganda, halafu vuta, kuanzia karibu na mpini mpaka nchani. Usikandamize! Hapa ndipo mikate mingi inapoharibika. Ncha za meno zinatoboa ganda zenyewe, kazi yako ni kupeleka na kurudisha, taratibu, kwa urefu wote wa kisu.

Sikiliza. Krrr, hilo ni ganda. Sasa kimya, tumeingia kwenye ulaini. Macho yawe kwenye mgongo wa kisu; ukiuona unaanza kulala, usimamishe mapema, maana ukishafika katikati umechelewa.

Ganda la chini ndilo gumu kuliko yote, na ndipo watu huchoka wakasukuma kwa nguvu. Inamisha ncha iguse kibao, umalizie kwa mivuto mirefu miwili mitatu. Likikataa kabisa, ulaze mkate ubavu ukate hivyo.

Osha kisu kwa mkono, na unapokifuta anzia mgongoni kwenda kwenye meno. Kikianza kuacha makombo mengi kuliko kawaida, kimekuwa butu. Tumia kinoo chembamba cha mviringo, bonde moja la meno baada ya jingine, upande ule ulionolewa tu, mara tatu nne kila bonde.