Ninavyopatana bei na msambazaji bila kuumia

Haya, habari zenu jamani. Leo tunapatana bei na msambazaji, kazi ninayoipenda kuliko hata kuuza kwenyewe. Huo mlio nyuma yangu ni friji, mnisamehe, siwezi kuizima.

Kwanza daftari. Andika kila bidhaa, unanunua kwa nani na kiasi gani kwa mwezi. Hilo mnalijua, napita. Kama hutaki kuchora mistari, nauza madaftari yaliyochorwa tayari. Tangazo limeisha.

Ninachotaka mkione ni safu hii ya mwisho... ngoja, mwanga unapiga kwenye karatasi. Niinamishe simu. Hapo. Nimeandika "imeisha siku ngapi". Sabuni, katoni 10, siku 14. Dawa ya viatu, katoni moja, siku 90. Sasa ukienda kubana bei, bana kwenye sabuni. Hapo msambazaji anakuhitaji, kila wiki mbili unamwondolea mzigo. Akikupa punguzo nono ili uchukue katoni 20 za dawa ya viatu, mshukuru, uziache. Katoni 20 kwa siku 90 kila moja ni karibu miaka mitano! Mtaji umelala stoo, na wewe unaufuta vumbi.

Pili, ulizia kwa wasambazaji watatu. Usiulize "mnauzaje?" Uliza hivi: "Katoni moja, pamoja na usafiri na kushusha, inanifikia dukani kwa bei gani?" Ndiyo bei pekee ya kulinganisha. Kuna anayekuuzia rahisi halafu gari lake linakula ule unafuu wote.

Atakwambia pia, "Chukua 10, ya 11 bure." Tamu, eh? Tupige hesabu. Kumi gawanya kwa... mbona kalkuleta imezima? Aa, ni ya sola, nimeifunika kwa kidole. Haya. 10 kwa 11 ni 0.909. Kwa hiyo umepunguziwa asilimia 9 na kidogo, haifiki 10, na umepewa kwa bidhaa ambayo bado hujaiuza. Kwa sabuni nachukua. Kwa dawa ya viatu naomba anipunguzie kwenye ankara, basi.

Sasa mazungumzo yenyewe. Usiende na "nipunguzie bwana" tupu. Nenda na kitu mkononi: nitaagiza kila Jumatatu, au nitalipa taslimu mzigo ukishuka, au nitachukua bidhaa mbili kwako badala ya moja. Mimi napenda kuongea nao mwisho wa mwezi, maana maafisa mauzo wengi wana malengo ya mwezi, na aliyebakiza kidogo kulifikia lengo husikiliza vizuri sana. Ukishataja bei yako, nyamaza. Usiseme "lakini kama haiwezekani..." Umeshajijibu mwenyewe! Mie nikishataja huanza kupanga makopo, nijishughulishe.

Tukija kwenye mali kauli, yaani kuchukua mzigo sasa na kulipa baadaye, hapa sogeeni karibu. Akisema "nakupa siku 30", muulize: kuanzia lini? Narudia. Kuanzia LINI? Tarehe ya ankara au siku mzigo umefika? Mimi mwaka mmoja nilichekelea siku 30 zangu. Ankara imeandikwa tarehe 1, mzigo umeingia tarehe 13. Tarehe 31 jamaa huyo mlangoni anadai, nusu ya bidhaa bado iko kwenye katoni. Zangu zilikuwa siku 18, hizo 12 nilikuwa nasubiri gari. Na hakunidanganya, mimi ndiye sikuuliza. Kwa hiyo ulizeni, na andikeni.

Wengine wanakwambia ukilipa ndani ya siku 10 unapunguziwa asilimia 2, vinginevyo lipa yote siku ya 30. Inaonekana ndogo. Lakini ukikataa, umenunua siku 20 za kukaa na pesa yake kwa hiyo asilimia 2, na ukiipeleka hadi mwaka mzima inafika kama asilimia 37. Hata mkopo wa benki sehemu nyingi uko chini ya hapo. Pesa ikiwepo, lipa mapema. Na hizo siku 10, kuanzia lini? Vizuri, mnaanza kunielewa.

Usisahau na zilizovunjika au zilizokaribia kuharibika, anazirudisha nani na kwa gharama ya nani. Dakika moja tu hiyo, malizaneni kabla ya kushikana mikono.

Mwisho, mkishakubaliana, tuma ujumbe mfupi wenye yaleyale mliyokubaliana: bei hadi dukani, idadi, siku za kulipa, zilizoharibika. Natuma wa kwangu sasa hivi mbele yenu, huyu wa sabuni tumeongea asubuhi. "Siku 30 tangu mzigo kupokelewa." Nimetuma. Hebu tuone... anaandika. Anaandika bado. Huyu naye, barua?

Amejibu. "Sawa kabisa. Siku 30 tangu tarehe ya ankara."

Mmeona lakini? Mmeona! Ngoja nimpigie, simu ndiyo hii ninayorekodia, kwa hiyo nazima.