Tasnifu ya Uhandisi wa Programu Huanza na Swali

Mheshimiwa mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, na ninyi mnaojiandaa kuomba nafasi ya shahada ya uzamili,

Jina la uhandisi wa programu lilipata uzito mwaka 1968, wataalamu walipokutana Garmisch, Ujerumani, katika mkutano uliodhaminiwa na kamati ya sayansi ya NATO. Kero iliyowakutanisha mnaijua hata leo: programu zinachelewa, zinazidi bajeti, na zikishafika zina hitilafu. Waandishi wa programu walikuwapo. Kilichopungua ni maarifa ya hakika kuhusu namna kazi hiyo inavyofanyika na kwa nini inaharibika. Shahada ya uzamili inakutaka uongeze kitu kwenye maarifa hayo, hata kama ni punje moja.

Ndiyo maana pendekezo linalosema "nitatengeneza mfumo wa kusimamia maktaba" hurudishwa. Mfumo huo unaweza kuwa mzuri sana, ila mtahini atauliza: umekwisha kuutengeneza, sasa tunajua nini ambacho jana hatukukijua? Chukua badala yake swali kama hili: je, mabadiliko ya msimbo (maandishi ya programu) yaliyokaguliwa na watu wawili huzaa hitilafu chache kuliko yaliyokaguliwa na mmoja? Hapo kuna cha kuhesabu, kuna makundi mawili ya kulinganisha, na hata jibu likiwa "hatukuona tofauti", bado lina thamani. Ukihitaji kutengeneza mfumo, utengeneze ili ukusaidie kulijibu swali.

Pimeni na muda. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, kwa hiyo tasnifu ya krediti 30 ni saa 750 hadi 900. Aliyeajiriwa akipata saa 20 kwa wiki, atahitaji wiki 38 hadi 45, na hapo hajaugua wala hajaitwa kazini usiku. Anayetaka kupanda cheo tu, digrii ya kozi yenye mradi mfupi inamtosha. Anayeuwazia uzamivu achague yenye tasnifu. Na kabla ya kumkubali msimamizi, muulize kwa heshima anasimamia wanafunzi wangapi sasa na wangapi kati ya waliopita walimaliza kwa wakati.

Sasa nikae kidogo kwenye data, maana hapa ndipo tasnifu nyingi huvunjika mguu.

Wengi huchota historia ya miradi huria, ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, kutoka Git, programu inayoweka kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo, kwa sababu inapatikana bure. Bure hiyo ina masharti yake. Mtu mmoja huonekana kama wawili kwa kuwa alitumia barua pepe ya nyumbani na ya kazini. Boti, yaani programu zinazojiendesha, huandika mamia ya komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa kwenye Git) na kuonekana mchapakazi kuliko wote. Timu nyingine hubana komiti kumi ziwe moja kabla ya kuunganisha tawi, yaani kazi ya pembeni, na msimbo mkuu, na safari nzima ya katikati inafutika. Tena, hifadhi nyingi za msimbo ni mazoezi ya darasani au nakala za miradi ya wengine. Ukichagua kwa idadi ya nyota ambazo watumiaji huupa mradi wanaoupenda peke yake, utaingiza hata orodha za viungo zisizo na msimbo wowote.

Tuseme unatafuta chanzo cha hitilafu. Njia inayotumiwa sana ni SZZ, iliyochapishwa mwaka 2005 na Śliwerski, Zimmermann na Zeller. Inaanza na komiti iliyorekebisha hitilafu, inatazama mistari iliyofutwa au kubadilishwa, kisha inarudi nyuma hadi komiti iliyoigusa mistari hiyo mara ya mwisho. Hiyo ndiyo inayoshtakiwa. Lakini kama komiti hiyo ilipanga upya nafasi na mabano tu, imebebeshwa kosa lisilo lake. Na rekebisho lililoongeza mistari mipya bila kufuta hata mmoja halina pa kurudi, hivyo linatoweka kwenye hesabu. Chuja mabadiliko ya nafasi na maoni, kagua sampuli ya matokeo kwa macho yako, na uandike waziwazi ni mangapi yalikuwa si sahihi.

Anayefunza modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na data, ili itabiri hitilafu asichanganye data kama karata. Ukiigawa kwa bahati nasibu, modeli itajifunza kwa komiti za Desemba na kupimwa kwa za Machi ya mwaka huohuo. Inatabiri jana huku kesho imekwisha kuiona. Gawa kwa tarehe. Kwa modeli kubwa za lugha, zile zinazoandika maandishi na msimbo, msimbo unaopimia huenda ulikuwamo kwenye data ya mafunzo, kwa hiyo tafuta ulioandikwa baada ya data hiyo kufungwa. Hifadhi toleo la modeli, tarehe, na maelekezo uliyoipa, neno kwa neno.

Kazi ya kuainisha kwa mkono, kwa mfano kupanga ujumbe wa komiti katika makundi, inahitaji watu wawili, kila mmoja peke yake. Msitosheke na asilimia ya makubaliano. Ikiwa kila mmoja ameweka ujumbe 90 kati ya 100 kwenye kundi lilelile kubwa kati ya makundi mawili, kubahatisha tu kungewapa makubaliano ya asilimia 82. Wakikubaliana kwa asilimia 90, kappa ya Cohen, kipimo kinachoondoa makubaliano ya kubahatisha na ambacho 1 ni makubaliano kamili, ni 0.44 tu. Rudini mkaeleze upya mipaka ya makundi kabla ya kuendelea.

Utafiti wenye hojaji au mahojiano unadai kibali cha maadili kabla ya kumgusa mshiriki wa kwanza. Omba mapema, kibali hakitolewi kwa kurudi nyuma.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu wiki ya kwanza weka hati zote za uchambuzi kwenye Git, funga matoleo ya maktaba za msimbo ndani ya Docker, chombo kinachofungasha programu pamoja na mazingira yake, na mwishoni weka kifurushi kizima Zenodo, ghala la mtandaoni la data za utafiti, kipate kitambulisho cha kudumu. Data ya watu iondolewe majina kwanza. Miezi miwili kabla ya kuwasilisha, mpe mwenzako kifurushi hicho na kompyuta isiyo na kitu, usimwambie lolote, kisha uandike kila mahali anapokwama.